Nani Njo Responsable?

Alhamisi asubuhi, mvua. Imeanza kabla ya misa na bado haijachoka. Kutoka dirishani ziwa halionekani. Mtaa wetu wote wa Muhumba ni sauti ya mabati. Mimi nimechoka, na si uchovu ambao usingizi unaweza kuuondoa.

Kosa ambalo wengi wetu hulifanya, damu ikishamwagika mahali pa watu wengi, ni kukimbilia redio. Tunavuta viti, tunawanyamazisha watoto, tunazungusha kile kitufe mpaka sauti itulie, kisha tunangoja kupewa jina. Jina likitajwa, tunapumua. Tunarudi mezani. Hospitali tunaikumbuka baadaye, au hatuikumbuki kabisa.

Mimi nami Jumanne jioni nilikuwa na redio mapajani, kama mtu aliyepakata mtoto.

Nitaandika kwa mpangilio, maana wiki hii nimesikia maneno mengi mno yaliyoanzia katikati.

Jumatatu, kabla ya adhuhuri, soko la Kadutu lilifungwa ili watu wacheze. Ndiyo kawaida yetu siku hizi. Wakubwa wa Chama wakipita (naandika Chama tu, kwa kuwa Zaïre ina kimoja), wauzaji hufunika bidhaa zao na kusimama mistari, na kikundi cha animation huimba na kukata kiuno kwa heshima ya mkuu wa nchi. Kina mama walikuwa wamevaa vitenge vyenye picha yake. Ngoma zilikuwa zinalia. Katikati ya wimbo, bomu la mkono likalipuka upande wa chini wa soko, karibu na wauza unga wa muhogo.

Watu walikufa. Idadi siiandiki, kwa kuwa kila aliyenisimulia ana yake, na kila mmoja ameapa.

Nani alilitupa?

Sijui.

Naliacha neno hilo peke yake kwenye mstari kwa sababu sijalisikia kutoka kwa mtu yeyote mwenye kipaza sauti. Wapo wanaonong'ona kwamba lilimponyoka askari mmoja aliyekuwa amelewa tangu Jumapili. Wapo wanaosema ni waasi wameshuka kutoka milimani. Wengine wanasema mamluki wamerudi. Mji huu haujawasahau. Kila moja linawezekana. Nimefundisha zaidi ya nusu ya maisha yangu, na katika mitihani wanafunzi niliowaheshimu ni wale waliojua kuacha nafasi tupu pale ambapo hawakuwa na jibu. Wenzao walijaza kila mstari, na kwa mwandiko mzuri sana.

Sasa Baguma.

Baguma ni fundi wa miavuli. Katika mji wenye mvua kama wetu, fundi wa miavuli ni mtu wa lazima kama padri. Anatoka Idjwi. Huvuka na mashua ya mota mwanzo wa wiki, analala kwa binamu yake, na Jumamosi anarudi kisiwani kwa mke na watoto. Pale sokoni huketi juu ya sanduku la sabuni, na mifuko ya koti lake imejaa mbavu za miavuli, springi na vipande vya waya. Ukitembea naye analia kama baiskeli mbovu. Mwavuli wangu mweusi ameutengeneza mara nyingi hata sijui ni kipande gani kilichobaki cha kwanza. Mara ya mwisho aliuinua juu, akaukagua, akatikisa kichwa.

"Mwalimu, huyu muzee mwenzako, siku moja tutamuzika."

"Na mimi je?"

"Wewe ukiharibika, vyuma vyako sina."

Huyo ndiye Baguma. Simjui zaidi ya hapo. Sijui hata majina ya watoto wake.

Bomu lilipolia, watu walikimbilia juu, upande wa barabara. Yeye alishuka kwenye moshi. Hospitalini alisema haukuwa ushujaa; sanduku lake lilikuwa huko. Chini ya meza ya unga akamkuta mtoto wa kike, mweupe mwili mzima kwa muhogo, mguu mmoja umepasuka. Mama wa mtoto hakuonekana. Baguma akaokota kitenge kilichokuwa kimeangushwa, akamfunga mtoto mgongoni kama wafungavyo wanawake, akateremka naye mpaka hospitalini Ibanda.

Mlangoni alikuwapo Zawadi, muuguzi. Zawadi alikuwa mwanafunzi wangu, na ndiye aliyenieleza yote haya. Alimpokea mtoto, kisha akauliza swali ambalo ni lazima aulize kila mgonjwa anapoingia:

"Nani njo responsable wake?"

Baguma alitazama nyuma kuona kama kuna mwingine. Hakukuwa na mwingine.

"Miye," akasema. "Miye njo responsable."

"Weye njo baba yake?"

"Hapana. Lakini niko."

Hapa lazima nisimame kidogo na kueleza, na mke wangu atanisamehe. Anasema naeleza hata chumvi.

"Njo" ni Kiswahili chetu cha Kivu. Darasani niliwalazimisha watoto waseme "ndiye", nao wakifika kwenye mlango wa shule tu wanarudi kwenye "njo" yao. Neno la pili ni la Kifaransa, na mashaka yote yanatoka huko. Kwa Kifaransa cha ofisi, responsable ni mkuu wa kazi, lakini pia ni yule mwenye kosa, yule ambaye lazima ajibu. Sisi tulilichukua neno hilo, tukalitoa ofisini, tukaliingiza jikoni. Kwetu responsable ni yule anayelala kwenye mkeka chini ya kitanda cha mgonjwa. Ndiye anayechota maji, anayekoka makaa kwenye jiko la mbabula uani, anayefua shuka, anayetafuta bandeji zikikosekana, na hukosekana karibu kila siku. Hospitali haikupokei bila yeye. Shuleni pia. Ni mara ngapi nimemwambia mtoto mtundu, "Kesho uje na responsable wako"! Akaja na shangazi, na babu, mmoja alikuja na jirani. Hakuna aliyefikiri kwamba nawatafuta wenye hatia.

Ni neno la upendo, nikifikiri vizuri. Limevaa tu suti ya Kizungu.

Alasiri ileile akaingia hospitalini mtu mwenye miwani ya jua, na jua halikuwapo. Alikuja na askari wawili. Maagizo hutoka juu kwa Kifaransa, kwa hiyo nadhani aliambiwa awatafute "les responsables". Akasimama kwenye koridori iliyojaa watu na sufuria zao na mikeka yao, akapaza sauti:

"Responsable iko wapi?"

Mama mmoja aliyekuwa anamenya viazi hakuinua hata kichwa. "Wa nani, chef? Tuko bengi hapa."

Watu wakacheka. Zawadi anasema kicheko hicho ndicho kilichoharibu mambo. Mtu wa miwani aliona ameaibishwa.

"Responsable wa mambo ya soko!"

"Ya soko?" Baguma akainuka haraka, akifuta mikono kwenye suruali. Alidhani dawa imeletwa. "Njo miye, chef. Niko hapa."

"Wewe?"

"Miye mwenyewe."

"Na wenzako?"

"Sina mwenzangu, chef. Peke yangu, tangu soko mpaka hapa."

Wakampekua. Mifukoni wakakuta mbavu za miavuli, springi na waya.

Zawadi alijaribu. Alianza kusema, "Chef, hapa kwetu neno ile..." Askari mmoja akamgeukia na kumuuliza kama yeye pia ni responsable. Akarudi nyuma, nao wakaondoka na Baguma. Simlaumu. Ana watoto, na askari hakuuliza kwa utani.

Jumanne jioni, kwenye ile redio yangu ya mapajani, sauti nzuri, iliyofundishwa vizuri kutamka, ilisema kwamba responsable wa unyama wa sokoni amepatikana. Kwamba amekubali kosa lake kwa hiari, mbele ya mashahidi. Kwamba amekutwa na vyuma vya kutengenezea mabomu. Kwamba ameingia mjini kwa njia ya maji.

Halafu jina.

Nakiri: kabla ya jina kutajwa nilikuwa naamini kila neno. Mashahidi wapo, vyuma vipo, amekubali mwenyewe, mtu atake nini tena? Jina lilipotoka ndipo nilipokiangalia kile kitu kilichokuwa kimeegemea pembeni mwa mlango wangu, chenye mbavu zilezile na springi ileile.

Jirani yangu, karani mstaafu, mtu mwema ambaye huniletea parachichi, alininong'oneza juu ya ua jana asubuhi.

"Mwalimu, umesikia? Bamemupata! Mutu wa kisiwa!"

"Ni Baguma. Yule wa miavuli."

"Aah! Miye nilisemaga. Mutu gani anatembea na vyuma vyote vile?"

"Fundi wa miavuli."

"Njo vile banajifichaga."

Mwavuli wake uliotengenezwa na Baguma ameutupa kwenye mfereji wa nyuma, asije akakutwa nao. Leo nimemwona akienda zake kazini, kazi ndogo aliyopata baada ya pensheni, na sinia la bati kichwani. Ningecheka kama ningekuwa na nguvu.

Na si yeye peke yake. Jana mashua ya Idjwi ilifika na mananasi. Mzigo ulirudi vilevile, na kina mama waliokuja nao walitukanwa kuanzia gatini mpaka barabarani. "Rudieni kwenu na mabomu yenu!" Mmoja wao, naambiwa, aliinua nanasi juu na kujibu, "Basi njoo ulilipue, tuone!" Ni jibu zuri. Lakini halikumuuzia nanasi.

Jana mchana akaja mtu wa kamati ya Chama ya mtaa wetu, na bahasha ndani ya koti ili isiloe. Tangazo kutoka juu, kwa Kifaransa. Jumamosi, kabla ya salongo, ile kazi ya lazima ya mtaa, wakati mtaa mzima umesimama na majembe na mapanga ya kufyekea barabara, litasomwa kwa Kiswahili. Kazi ya kulitafsiri huletwa kwangu, kwa sababu nilifundisha lugha zote mbili. Nimeifanya kwa miaka, kama wengine wanavyolipa kodi. Atakuja kulichukua leo adhuhuri.

"Mwalimu," akasema akiwa bado mlangoni, "pale katikati utie neno nzito. Muuaji. Muuaji iko muzuri."

"Wameandika responsable."

"Sasa? Si ni sawa tu?"

Nilitaka kumweleza. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Lakini alikuwa na mitaa mingine ya kupeleka bahasha, na mvua ilikuwa inakuja.

Nimelisoma tangazo kama nilivyokuwa nasahihisha insha. Ni ukurasa mmoja. Waliokufa wana mstari mmoja, tena hawana idadi wala majina, ni "damu ya raia". Mtoto wa unga hayumo. Yeye responsable anaanza mstari wa pili na kushuka mpaka chini, na kila anaposhuka anaongezeka. Juu ni mtu. Katikati ya ukurasa amekuwa "yeye na waliomtuma". Karibu na sahihi amekuwa "wote walio ng'ambo ya maji wasiopenda amani yetu".

Idjwi iko ng'ambo ya maji, ni kweli. Siku isiyo na mvua naiona nikiwa napiga mswaki. Lakini huyo aliyeandika hakuwa anatazama kisiwa. Alikuwa anatafuta mahali ambapo yeye mwenyewe hana ndugu, na asomaye naye hana.

Nimeishi vya kutosha kuwasikia wengi wakilaumiwa kwa sentensi za namna hii. Majina ya nchi yamebadilika, majina ya mji yamebadilika, hata majina yetu ya ubatizo tumeambiwa tuyaache. Sentensi haikubadilika. Nafikiri ingetambulika hata gizani, kwa kuipapasa. Na kinachonichosha zaidi ni kwamba imeandikwa vizuri. Haina kosa la sarufi hata moja.

Zawadi alikuja jana jioni, baada ya zamu yake, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Mke wangu, Mama Nsimire, alimpa chai, naye akaishika tu bila kunywa.

"Mwalimu, ni miye nilimuuliza. Kama singeuliza, hangejibu."

"Uliuliza swali la kazi yako."

"Sasa hakuna mutu anajibu tena." Akaweka kikombe chini. "Leo kuna mama, amemuleta bwana yake, anamuogesha, anamulisha na kijiko. Namuuliza, nani njo responsable? Ananiambia: Miye? Hapana! Miye ni bibi yake tu."

Mama Nsimire alicheka, halafu akajifunika mdomo.

Koridori nzima iko hivyo, anasema Zawadi. Kila mtu ni mpita njia. Huyu amekuja kusalimia, yule ameleta maji tu, wa tatu alikuwa anapita akaona mlango wazi. Askari mmoja amewekwa mlangoni pa wodi na kiti chake, na watu wanamkana mgonjwa wao mbele yake huku wamemshika mkono.

Mtoto anaitwa Faida. Hilo amelisema mwenyewe. La pili analolisema ni "Papa wa muavuli", na hulisema mlango unapofunguliwa. Mama yake bado hajapatikana miongoni mwa walio hai. Zawadi amekuwa akimgawia chakula chake, lakini muuguzi haruhusiwi kuwa responsable wa mgonjwa wa wodi yake. Yule mama wa viazi humsukumia sahani kwa mguu, macho yakiwa upande mwingine. Na mkuu wa wodi ametoa neno, si kwa ubaya, vitanda havitoshi na majeruhi wa soko ni wengi: mtoto asiye na responsable atatolewa kitandani leo adhuhuri. Mguu wake bado unatoka maji.

"Atatolewa aende wapi?" mke wangu akauliza.

Zawadi alikuwa anatazama karatasi ya tangazo mezani, halafu akanitazama mimi.

Alipoondoka nilianza kutembea chumbani, kama ninavyofanya ninapotayarisha somo. Nilikuwa na mpango mzuri. Nitavaa abakosi yangu ya kijivu, suti yetu isiyo na tai. Nitachukua kamusi ya Kifaransa, ile kubwa. Nitakwenda kwa wakubwa, niombe kuketi, nifungue ukurasa wenyewe na kuwaonyesha: neno hili lina maana hii, na hii, na hii ya tatu ambayo haimo kwenye kamusi lakini imo kwenye kila hospitali ya Kivu. Nitatoa mifano. Nitawaeleza kuhusu springi za miavuli. Wataelewa. Ni watu waliosoma. Wengine niliwafundisha mimi.

Mama Nsimire alikuwa anachambua maharage. Alinisikiliza mpaka mwisho, kama kawaida yake.

"Utaenda kueleza," akasema. "Sawa. Unapendaga kueleza. Na bale banapendaga kufunga."

"Sasa nifanye nini?"

"Miye sijui mambo ya kamusi. Nauliza tu. Huyo mutoto, kesho saa sita, atakula kamusi?"

Niliacha nafasi tupu.

Asubuhi hii, kwenye misa, sikusikia mahubiri. Nilikuwa nahesabu hofu yangu, na ni kubwa. Mimi ni mzee, na chumba wanachowaweka waliokamatwa ni cha saruji tupu, nasikia, na maji sakafuni. Mtu akisimama leo mbele ya yule askari wa mlangoni na kusema "mimi njo responsable", huenda akashuka njia ileile aliyoshushwa Baguma. Hakuna kamusi itakayomfuata huko.

Lakini nimewaza pia hivi. Neno limeharibiwa mbele ya watu, kwenye koridori, kwa sauti. Siwezi kulitengeneza ofisini, nimekaa, kwa sauti ya chini. Mtu lazima alitamke tena palepale lilipoharibiwa, halafu afanye lile linalomaanisha, akoke makaa, afue shuka, amlishe mtoto, na askari aketi na kutazama mpaka achoke. Yule mama wa viazi naye atazame. Yule wa "bibi yake tu" naye. Labda watakumbuka. Na Zawadi aliniambia jana, akivaa viatu vyake barazani, kwamba kama kutakuwa na mtu wa kumtangulia, atakwenda kusema alichokisikia siku ile, neno kwa neno, na kwamba Baguma alifanya peke yake kitu kimoja tu, kumbeba mtoto. Peke yake hawezi. Wawili, anaweza. Tukifika kwa wakubwa pamoja, hapo ndipo nitaeleza, na wakinipa nafasi nitaeleza mpaka chumvi.

Siandiki kwamba tutafaulu. Sijui.

Tangazo nimelitafsiri mpaka nusu. Pale penye neno lile nimeacha mstari mtupu, na pembezoni nimeandika kwamba neno hili hospitalini lina maana ya mlezi, na kwamba mtafsiri yuko tayari kulieleza mbele ya yeyote. Nimetia sahihi. Mtu wa kamati atalikuta mezani chini ya sahani ya sukari, na Mama Nsimire amesema atamkaribisha chai ili asiondoke kwa hasira. Mimi hatanikuta.

Mvua haijapungua. Uji umeiva, Mama Nsimire ameutia kwenye termosi, na maharage kwenye sufuria ndogo, ameifunga kwa kitambaa kile cha maua ambacho huwa hakitoki sandukuni mpaka Pasaka. Mkeka umeviringishwa mlangoni. Ameuegemeza tu pale, kando ya mwavuli.

Basi, Mwalimu, weka kalamu chini, fungua mwavuli wa Baguma, teremka hospitalini sasa hivi, na wakiuliza nani njo responsable wa Faida, inua mkono.